Kumbukumbu ya mradi: bomba la jikoni linapiga shoti (Makorora, Tanga)

Jumamosi
Mama kalalamika wiki nzima, kila akishika bomba la jikoni na mikono ina maji, miguu peku kwenye sementi, linamng'ata. Leo nimechukua mita, waya mmoja kwenye bomba mwingine kwenye msumari mrefu niliouchomeka kwenye udongo mbichi nje ya mlango, volti 94!! Mita za dijitali huwa zinaokota volti za uongo so nikapima tena nikiwa nimeunga balbu ya wati 15 sambamba, ikashuka 61 ila haikuisha. Basi umeme upo kweli. Nikazima swichi moja moja, nilipofika ya heta ya bafuni ikawa sifuri.

Jumapili
Nimezima meni switchi nikafungua heta. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme uliovuja ardhini, umekatwa ukazungushiwa tepu. Sasa heta ina miaka minne pale, mbona bomba limeanza kuuma mwezi huu? Nimekaa nalo hilo mpaka jioni ndo nikakumbuka, mwezi uliopita tulifukua bomba la chuma linalotoka kwenye mita ya maji, kutu ilishalimaliza, tukaweka plastiki. Kumbe kile chuma kilichozikwa ndo kilikuwa kinashusha umeme wa heta ardhini miaka yote, plastiki haipitishi, na mabomba ya ndani bado chuma, ukabaki humo humo unamsubiri Mama.

Wiki ya pili
Fundi umeme, kaka mmoja makini sana, kaja na mita ya kupimia ethi. Rodi yetu ya ethi, ule mchuma uliopigiliwa ardhini, upinzani wake oms 38. Nikadhani inatosha, akaniambia piga hesabu: 230 gawa kwa 38 ni kama ampia 6, breka ya heta ni ya 32, haitashtuka hata kidogo, na vyuma vyote vitakaa na umeme. Kwa hiyo tumefunga RCD, swichi ya usalama, ya miliampia 30, hiyo inakata ikiona umeme unaotoka haurudi wote.

Halafu bomba lenyewe. Waya wa 10 mm² kutoka kwenye baa ya ethi ya bodi mpaka pale chuma kinapoanzia ndani, klempu ya shaba. Nilisugua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, maana klempu juu ya rangi ni pambo tu. Bomba halifanyi kazi ya rodi, rodi iko palepale, hapa tunafunga vyuma vyote pamoja ili mtu akishika viwili kusiwe na tofauti ya volti.

Waya wa heta umerudishwa. Tumewasha, RCD ikakata palepale, mara tatu. Elementi, ile koili ya kuchemsha maji, imekufa, inavujisha umeme.

Leo bomba na msumari, volti 0. Heta nimeing'oa, Mama anaoga maji ya ndoo mpaka elementi mpya ipatikane.