Siku nilipohesabu kromosomu za ngano

Kwetu Njoro shamba la ngano lilianzia mlangoni. Msimu kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu, ilipoingia, marehemu baba alipitisha kidole kwenye bua, kikatoka chekundu kama aliyeshika tofali bichi. Tulivuna makapi.

Kwa hiyo nilipopewa punje za ngano chuoni nizichunguze kwa hadubini, sikufikiria maksi. Niliziotesha kwenye karatasi yenye maji, nikakata ncha za mizizi, nikazilaza kwenye maji ya barafu usiku kucha ili seli zikwame katikati ya kugawanyika. Kisha rangi, kisha kuziponda taratibu kwa kidole gumba chini ya kioo chembamba. Hesabu ya kwanza ya kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba DNA, yaani maagizo ya urithi, nilipata 41. Ya pili, 43. Zilikuwa zimelaliana. Kioo cha tano ndicho kilichonipa 42, zimetawanyika kila moja mahali pake.

Binadamu ana 46, basi idadi yenyewe haishangazi. Kinachoshangaza ni ukubwa. Seti moja ya DNA ya ngano ya mkate ina herufi zipatazo bilioni 16. Yetu ina bilioni 3. Kromosomu moja tu, iitwayo 3B, inakaribia theluthi ya jenomu nzima ya mtu, yaani seti yake yote ya DNA! Zaidi ya asilimia 80 ya DNA hiyo ni vipande vinavyojirudiarudia.

Tena ngano hii ni nyasi tatu ndani ya mmea mmoja, kila moja ilikuja na kromosomu zake 14. Huko Mashariki ya Kati, nyasi iitwayo Triticum urartu ilichanganyika na ndugu wa karibu wa nyasi nyingine, Aegilops speltoides, ikapatikana ngano ya kromosomu 28. Uzao wake ndio tunaokula kwenye tambi. Wakulima waliifikisha hadi upande wa Bahari ya Kaspi, na kando ya mashamba huko liliota gugu, Aegilops tauschii. Yapata miaka 9,000 iliyopita, gugu na ngano vikazaa. Mwaka 1944, dunia ikiwa vitani, mwanasayansi Hitoshi Kihara wa Japani alilitaja gugu hilo kuwa mzazi wa tatu. McFadden na Sears wa Marekani nao wakafikia jibu hilohilo, kila upande kivyake.

Baba aling'oa magugu maisha yake yote. Hili ningependa alijue: mwaka 2013 wanasayansi walitangaza kuipata jeni Sr33, kipande cha DNA kinachoikinga ngano na kutu ya shina, hata aina yake iitwayo Ug99 iliyoanza kuonekana Uganda. Asili yake ni Aegilops tauschii.

Kile kioo cha tano ninacho bado. Rangi niliyotumia haitenganishi kromosomu za mzazi huyu na za yule, lakini kila nikikiangalia najua 14 kati yake ni za gugu.