Kusi imenifuata hadi Salalah

Juzi nilimpigia mama, Pemba. Akaniambia kusi, ule upepo wa msimu utokao kusini, imekaza, bahari ya nje haiendeki. "Na huko uliko, mwanangu?" Nikamwambia huku ni manyunyu tu, ukungu umefunika mlima mzima.

Miaka yangu miwili ya mwanzo hapa Oman nilidhani hayo ni mambo mawili. Wenyeji msimu huu wanauita kharifu, tangu mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Muscat inaungua kwa nyuzi 40 na zaidi, wakati Salalah ni 25 au 27, na majabali ya Dhofar, mkoa wetu huu wa Salalah, yamevaa kijani. Watu wanaendesha gari kutoka Saudia na Kuwait, wanakuja kulowa tu.

Kumbe upepo ni ule ule! Bara la Asia likishika moto, hewa yake inakuwa nyepesi na kupanda. Hewa nzito ya bahari ya kusini kwetu inakuja kujaza nafasi. Mzunguko wa dunia unaipinda: kusini ya ikweta inapindia kushoto, ndiyo maana Pemba hutupiga ikitoka kusini-mashariki, ikishavuka ikweta inapindia kulia. Upande wa magharibi milima ya Kenya na Ethiopia inaizuia, basi inabanwa, inapita pwani ya Somalia kwa kasi kubwa, na huku inatufikia kutoka kusini-magharibi.

Ikifika Dhofar inayasukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, na maji baridi ya kilindini yanapanda. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake inapoa, inakuwa ukungu, mlima unaunasa. Vuka mlima huo uelekee Thumrait: ghafla jua kali, jangwa, hata jani hulioni.

Marehemu babu alikuwa mvuvi. Alfajiri alitoka na umande, upepo wa nchi kavu iliyopoa usiku. Mchana nchi ikishapata joto, upepo wa bahari ukamrudisha. Kusi ikikaza, ngalawa ilipandishwa juu, akashona nyavu. Ijumaa nilikwenda Mirbat, nikakuta mashua nazo zimepandishwa, na bahari inanguruma vile vile.

Mama aliomba picha ya ukungu. Nilipiga tatu, zote nyeupe tupu, basi nikarekodi sauti ya upepo nikamtumia.

Akajibu, "Huo ndio wenyewe."