Kabla ya kuwa watawala, Makaburu walikuwa nani?

Kwetu Tanzania ukitaja Makaburu kila mtu anajua unaongelea nini, serikali ya Pretoria, polisi na mbwa wao, Mandela kufungwa, watoto wa Soweto kupigwa risasi 1976, na wale wapigania uhuru waliokuja kuishi Mazimbu pale Morogoro kwenye chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Hayo yote yametokea na hakuna wa kuyafuta. Lakini tunawajua hawa watu kuanzia 1948 tu, mwaka ambao National Party, chama chao, ilishinda uchaguzi, na mi naona ukiwaanzia hapo huwezi kuelewa ubaguzi ule ulitoka wapi, na huwezi kuona ule uongo uliokaa katikati yake, kwamba wao ni damu safi ya Ulaya, taifa teule lililoletwa Afrika na Mungu mwenyewe.

Tuanzie mwanzo basi. Tarehe hiyohiyo ya 6 Aprili, ila mwaka 1652, Jan van Riebeeck alitia nanga pale ambapo leo ni Cape Town. Hakuja kuanzisha taifa. Alitumwa na kampuni ya biashara ya Waholanzi, VOC, awe na kituo cha kupatia meli zao maji, mboga na nyama zikiwa njiani kwenda Asia, basi. Mwaka 1657 kampuni ikawaachia baadhi ya wafanyakazi wake walime kwa kujitegemea, na mwaka uliofuata tu meli zikaanza kushusha watumwa, kwanza wa kutoka Angola na Guinea, baadae Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Wakaja Wajerumani, wakaja Wafaransa Waprotestanti waliokimbia mateso kwao karibu na 1688, ndo maana mpaka leo unakuta Kaburu anaitwa Du Toit au De Villiers. Na wanawake wa Kizungu walikuwa wachache mno, kwahiyo unajua mwenyewe kilichofuata.

Hapa kuna mtu mmoja nataka mumjue, Krotoa, binti wa Kikhoikhoi, wale wenyeji wafugaji wa Cape, aliyelelewa nyumbani kwa van Riebeeck akawa mkalimani kati ya Waholanzi na watu wake. Mwaka 1664 aliolewa na tabibu wa kampuni, Pieter van Meerhof, ndoa ya kanisani kabisa. Mumewe alipokufa mambo yakamharibikia, wakawa wanampeleka kifungoni Robben Island, kisiwa kilekile cha Mandela, na akafia huko 1674. Damu yake imo kwenye familia nyingi za Kikaburu. Na si yake peke yake, kuna utafiti wa DNA uliochapishwa 2020 ambao ulikuta Makaburu wa leo kwa wastani wana karibu asilimia 5 ya asili isiyo ya Ulaya, ya Wakhoikhoi na Wasan, ya Afrika Magharibi na Mashariki, ya Asia. Asilimia 5 inaonekana ndogo ila fikiria, hawa ndo watu waliopitisha sheria ya kukataza ndoa za mchanganyiko mwaka 1949, watu waliokuwa wanachunguza nywele za mtoto ili waamue asome shule gani.

Lugha yao ndo kabisa. Kiafrikaans ni Kiholanzi kilichopikwa jikoni na mashambani, kwenye midomo ya watumwa na Wakhoikhoi na watoto wa Kizungu waliolelewa nao. Waislamu wa Cape, wengi wao uzao wa watumwa na wafungwa waliotolewa Indonesia na India, walikuwa wanakiandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyokiandika Kiswahili. Kipo kitabu cha mafunzo ya dini cha Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa Cape na dola ya Uturuki, kilichapishwa Istanbul 1877 kwa Kiafrikaans na herufi za Kiarabu tupu! Wakati huo wasomi wengi wa Kikaburu bado walikuwa wanaandika Kiholanzi. Afu lugha hiyohiyo ikaja kugeuzwa alama ya weupe, wakawalazimisha watoto wa Soweto wasome hesabu kwa lugha hiyo mpaka nchi ikalipuka.

Safari Kuu ya miaka ya 1830 nitaipitia haraka manake ndo sehemu waliyoitangaza wenyewe kuliko zote. Waingereza walishaichukua Cape, wakafuta utumwa 1834, na wakulima kwa maelfu wakapakia mizigo kwenye magari ya kukokotwa na maksai wakaelekea bara, kwa sababu nyingi, na kukasirika kwamba mtumwa sasa analingana na wao mbele ya sheria ilikuwa mojawapo. Wakapigana na Wazulu pale mto Ncome tarehe 16 Desemba 1838, wakashinda kwa bunduki, wakasema Mungu amejibu nadhiri yao. Wakapata jamhuri zao mbili, Transvaal na Orange Free State.

Sasa vita ya 1899 mpaka 1902, hapa naomba tukae kidogo. Dhahabu iligunduliwa Witwatersrand mwaka 1886 na Waingereza wakaitaka, hakuna haja ya kuzunguka. Makaburu walipoanza kupigana vita vya msituni, jenerali wa Waingereza, Kitchener, akaamua kuwanyima chakula na makazi, nyumba za mashambani kama 30,000 zikachomwa moto, mifugo ikachinjwa, wanawake na watoto wakabebwa wakarundikwa kambini kwenye mahema. Surua, homa ya matumbo, njaa. Walikufa kama 28,000, na kama 22,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka 16. Mwingereza mmoja, Emily Hobhouse, alifika kambi ya Bloemfontein mwanzoni mwa 1901, akarudi kwao akayasema aliyoyaona na wenzake wakamchukia. Mi nikisoma habari za wale watoto roho inaniuma na sioni aibu kusema, mtoto ni mtoto, na babu wa mtesaji akiwa ameteswa bado ameteswa.

Ila kulikuwa na kambi zingine. Waafrika waliokuwa wanaishi na kufanya kazi kwenye mashamba yale nao walikusanywa, zaidi ya 100,000, wakawekwa kambi za peke yao, huko mgao wa chakula ulikuwa mbaya zaidi na wengi walilazimika kufanyia kazi jeshi la Waingereza ndo wapate chakula. Waliokufa na kuandikwa kwenye rekodi ni zaidi ya 14,000, na watafiti wanaamini ukweli ni mkubwa kuliko hapo. Vita ileile, moto uleule, surua ileile. Na mkataba wa amani wa Vereeniging wa Mei 1902 ukasema suala la Mwafrika kupiga kura lisubiri mpaka Makaburu warudishiwe kujitawala, yaani Mwingereza na Kaburu walipatana juu ya kichwa cha mtu wa tatu.

Angalia mwaka 1913. Juni ikapita Sheria ya Ardhi iliyomwachia Mwafrika kama asilimia 7 tu ya nchi yake, chini ya waziri mkuu Louis Botha ambaye alikuwa jenerali wa Makaburu vitani. Desemba ya mwaka huohuo mnara wa wanawake ukazinduliwa Bloemfontein kuwakumbuka wanawake na watoto 26,370 waliofia kambini. Waafrika waliofia kambini hawamo kwenye hesabu hiyo. Kwangu mimi utambulisho wa Kikaburu tunaoujua ulipikwa hapa, sio 1652, wala Ncome. Watu walikuwa na kidonda cha kweli kabisa, ila wakaamua kidonda ni cha kwao peke yao, na wanasiasa wakakishika. Ripoti ya tume ya Carnegie ya 1932 ilikadiria wazungu 300,000 walikuwa fukara wa kutupwa, wengi wao Makaburu waliokimbilia mijini ambako Kiingereza ndo kilikuwa na pesa, na mtu wa hivo ukimwambia wewe ni wa taifa teule, anakufuata. Mwaka 1938 wakatoa magari ya maksai Cape mpaka Pretoria kuadhimisha miaka 100 ya Safari Kuu, watu wakalia barabarani, miaka 10 baadae Malan, kiongozi wa National Party, yuko madarakani.

Sio wote walikubali. Bram Fischer, mjukuu wa waziri mkuu wa Orange River Colony, Kaburu wa ukoo mkubwa kabisa, ndiye aliyemtetea Mandela kwenye kesi ya Rivonia, na 1966 akahukumiwa kifungo cha maisha yeye mwenyewe. Beyers Naudé, mchungaji, alisimama kinyume na kanisa lake mwenyewe. Hawa kwa macho yangu ni Makaburu kamili kama Verwoerd, yule waziri mkuu wa ubaguzi, kwanza Verwoerd mwenyewe alizaliwa Uholanzi.

Na hawako mbali na sisi kama tunavyodhani. Baada ya vita ile iliyoisha 1902 kuna waliokataa kuishi chini ya Mwingereza wakaja koloni la Wajerumani, wakapewa ardhi kuzunguka mlima Meru. Wengine mwaka 1908 wakiongozwa na Jansen van Rensburg walishuka Mombasa, wakapanda treni mpaka Nakuru, afu kwa magari ya maksai wakakata misitu na matope mpaka Uasin Gishu. Ardhi ile Waingereza walikuwa wametoka kuwanyang'anya Wanandi, kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa 1905, miaka 3 tu kabla. Eldoret imeota kwenye shamba namba 64 la walowezi, ndo maana watu wa huko mpaka leo wanaiita Sisibo. Kenya ilipokaribia uhuru wengi wao wakafungasha wakarudi kusini, kule kwenye apartheid.

Habari za walowezi wale zimeandikwa, na walioziandika zaidi ni walowezi wenyewe. Za waliowalimia, waliochunga ng'ombe wao na kujifunza Kiafrikaans jikoni mwao, nimezitafuta nimepata vipande tu. Kama una bibi au babu Uasin Gishu au upande wa Oldonyo Sambu, kule mlima Meru, aliyekulia kwenye mashamba yale, kaa nae na simu yako umrekodi.