Luteni Uhura na Mitambo ya Ngomeni

Msimu wa kwanza wa Star Trek, tamthilia ya safari za anga za mbali, ulimalizika kwenye televisheni ya NBC ya Marekani tarehe 13 Aprili 1967. Siku 13 baadaye, roketi aina ya Scout iliyobeba setilaiti ya Italia iitwayo San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa la chuma lililosimikwa baharini mkabala na Ngomeni, kaskazini mwa mji wetu wa Malindi. Sidhani kwamba waandishi wa tamthilia ile walikuwa na habari za Ngomeni, na wavuvi wa Ngomeni nao hawakuwa na haja ya kumjua Kapteni Kirk, nahodha wa chombo cha anga katika tamthilia hiyo. Lakini mimi mzaliwa wa huku, ambaye watu wa nyumbani wanadai kwamba ninaipenda tamthilia hii kupita kiasi, siwezi kuziona tarehe hizo mbili bila ya kuziweka pamoja.

Wengi wanaozungumzia uhusiano wa Star Trek na Kenya huanzia na kuishia kwenye jina la Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo hicho. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotoka mwaka 1962, na kwamba mtunzi wa tamthilia, Gene Roddenberry, alivutiwa na neno hilo, likabadilishwa mwisho wake kidogo. Basi. Jina huweza kuokotwa popote, na lau uhusiano ungekuwa huo tu nisingeona sababu ya kuandika. Kinachonishughulisha ni kazi aliyopewa mwanamke huyu Mwafrika ndani ya chombo hicho, kiitwacho Enterprise: yeye ndiye mwenye kusikiliza. Kila sauti inayotoka mbali hupita sikioni mwake kwanza, ndipo wakubwa wakaipata.

Kiswahili chenyewe kilisikika tangu kipindi cha kwanza kabisa kilichorushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966. Humo mna kiumbe chenye uwezo wa kujigeuza, nacho kinapotaka kumnasa Uhura hujifanya kijana mtanashati na kumwamkia kwa Kiswahili. Hila hiyo ilibuniwa na mtu mwenye akili, kwa kuwa aliye mbali na kwao hakuna chambo kitakachomlegeza upesi kuliko kusemeshwa kwa lugha ya kwao.

Kipindi ninachokirudia zaidi ni “The Changeling” cha Septemba 1967. Mtambo uitwao Nomad, wenye mazoea ya kuangamiza kila unachokiona kina kasoro, unamsikia Uhura akiimba, haumwelewi, unamfuta kumbukumbu zake zote. Inabidi afundishwe upya kusoma, na pale katika chumba cha wagonjwa tunamwona mtu mzima, afisa wa cheo, akihangaika na herufi za neno la rangi ya buluu, akilitamka ovyo kama mtoto wa chekechea, mpaka anachoka na Kiswahili kinamtoka mdomoni. Muuguzi Chapel anamrejesha kwenye Kiingereza kwa upole. Mpwa wangu, ambaye hapitwi na kosa, aliniuliza: “Mjomba, si wamesema kila kitu kimefutwa? Hicho Kiswahili kimetoka wapi?” Nilimwambia kwamba waandishi walipitiwa. Hata hivyo, kwangu ni katika mapito bora waliyowahi kupitiwa, ingawa matamshi yangeweza kunyooshwa na mtu yeyote wa pwani kwa dakika chache.

Uhusiano huu haukubaki kwenye kioo. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi kutoka Marekani kwenda angani, ambaye aliruka na chombo cha Endeavour tarehe 12 Septemba 1992, amekuwa akieleza jinsi Uhura alivyompa hamu ya anga tangu utotoni. Jemison alikuwa amefanya kazi na Flying Doctors, shirika la madaktari wanaosafiri kwa ndege, huku Afrika Mashariki na akajifunza Kiswahili, na mwaka 1993 yeye mwenyewe akaonekana kwa muda mfupi katika tamthilia iliyofuata, The Next Generation. Katika tamthilia hiyo hiyo, mhandisi mkuu Geordi La Forge anatajwa kuwa mzaliwa wa Mogadishu, pwani hii hii yetu ukipanda kaskazini kupita Lamu. Na katika Strange New Worlds, iliyoanza mwaka 2022, Uhura kijana anatajwa waziwazi kuwa Mkenya, mjuzi wa lugha 37. Lawama yangu ni kwamba Kenya yenyewe inatajwa zaidi kuliko inavyoonyeshwa. Ni nchi ya kukumbukwa mezani wakati wa chakula.

Na hapo ndipo ninapoirudia Ngomeni. Waitaliano, chini ya Profesa Luigi Broglio, walipachagua kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973 na kuorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Marehemu ami yangu, aliyekuwa na mashua, hakuwa na maneno mengi juu ya roketi zile. Alichokumbuka ni moshi mweupe uliokawia juu ya maji.

Roketi ya mwisho iliondoka mwaka 1988, na majukwaa yamebaki yakiliwa na kutu. Kilichobaki hai kipo nchi kavu: zile antena kubwa zinazopokea data kutoka kwenye setilaiti, zikiwemo za Swift, iliyorushwa na NASA mwaka 2004 kutafuta milipuko ya mbali ya miale ya gama. Swift inapopita juu ya pwani yetu hushusha ilichokiona, antena zikadaka, habari zikapelekwa kwa wataalamu ng'ambo. Hiyo ndiyo kazi ya Luteni Uhura, na inafanyika mwendo mfupi wa gari kutoka hapa ninapoandika.