Jumamosi ya tetemeko Bukoba, siku yangu saa kwa saa

Saa 12 asubuhi. Kwetu Bukoba, mkoani Kagera, saa hiyo bado giza lakini mimi nimeshaamka nawasha mkaa wa pasi. Ni Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, Idi ya kuchinja ni Jumatatu, na nina magauni kumi na moja na kanzu nne za watoto hazijakamilika. Mafundi cherehani wenzangu wanajua, wiki ya Idi usingizi unausahau.

Saa 2 nimefungua kibanda, mtaani Hamugembe, na binti ninayemfundisha kazi ameshafika anakata vitambaa. Saa 4 katogo ya ndizi na chai, tukala huku tunashona. Saa 7 akaja mama mmoja kuulizia gauni la bluu la mwanae, nikamwambia pita saa 11 litakuwa tayari, bado kola na pindo tu.

Saa 9 na dakika 27. Hiyo dakika niliijua baadaye kwenye redio, muda ule nilichojua ni kola ya gauni la bluu iko chini ya sindano na bobini zimeanza kucheza kwenye droo. Nikadhani lori la mchanga linapita. Halafu mngurumo ukaja, hautoki barabarani, unatoka chini kabisa ya miguu, na cherehani ikasogea yenyewe, cherehani ya chuma ile tunayoibeba watu wawili, ikaacha mguu wangu hewani natafuta pedeli haipo. Binti akapiga kelele "dada tutoke!" nikamshika mkono tukatoka, na nje ndio kabisa, ardhi inakwenda kama upo kwenye mtumbwi, mabati yanalia mtaa mzima, watu wanaita Mungu kila mmoja kwa dini yake.

Nilikimbilia ukutani. Sikujua, hakuna mtu aliwahi kutufundisha tetemeko likija ufanye nini, nikaegemea ukuta wa nyumba ya jirani mpaka baba mmoja akanivuta kwa gauni akasema toka hapo, na kweli ile pembe ya juu inayobeba bati ikashuka palepale nilipokuwa nimesimama. Mpaka leo nikimwona yule baba namwamkia mara mbili.

Ikatulia. Vumbi jekundu tupu, humwoni mwenzio. Halafu tukasikia bibi wa nyumba ya nyuma anaita, alikuwa amejipumzisha chumbani, ukuta umelala mlangoni. Wanaume wakapita dirishani na sisi wanawake tukaanza kutoa matofali kwa mikono, na hapo ndipo niliona kitu ambacho hakijanitoka. Matofali mazima! Ya kuchoma, mazuri, yanatoka moja moja kama yalipangwa tu juu ya mengine, nilishika moja nikapitisha kidole, udongo uliokuwa umeyashika ukadondoka wote kama unga. Hakuna saruji, hakuna nondo, hakuna mkanda wa zege juu. Na sio nyumba ya bibi peke yake, ndivyo wengi tulivyojenga maana saruji ni ghali na babu zetu hawakutuambia ardhi ya Kagera inaweza kufanya hivi. Watu 17 walikufa kwa hesabu ya serikali, kwa tetemeko la ukubwa wa 5.9, na naumia kila nikikumbuka lile tofali safi mkononi.

Bibi alitoka saa 10 na nusu, mguu umevunjika lakini anaongea, anaulizia mbuzi wake. Bodaboda wawili wakampakata katikati wakaenda naye hospitali ya mkoa.

Saa 11. Sasa mdogo wangu. Yuko shule ya sekondari Ihungo, anasoma bweni, na kila anayeshuka kutoka kule anasema majengo yameharibika vibaya. Napiga simu ya mwalimu haiendi, mtandao umejaa, napiga tena, napiga tena. Bodaboda zote zimebeba majeruhi. Nikaanza kwenda kwa miguu, njiani nikamkuta kijana anashuka akasema wanafunzi wametolewa nje, wako uwanjani. Umewaona wote? Akasema dada, wote siwezi kujua. Giza likaingia, binti wa watu niko naye na kwao hapapatikani, ikabidi nirudi.

Saa 2 usiku hakuna umeme, mtaa mzima tuko nje, mikeka, magodoro, watoto katikati. Uvumi umejaa, eti saa nne linarudi kubwa kuliko la kwanza, na likapita kweli lakini dogo, mabati yakalia kidogo watoto wakaamka wakilia. Nikafungua kanga za biashara zote tukafunikana.

Yule mama wa gauni alipita na tochi. Hakuuliza gauni. Kwao ukuta wa jikoni umeanguka, alikuja kuangalia kama tuko hai, tukashikana mikono akaendelea kwa mwingine.

Saa 5 na dakika kumi simu ikaanza kutetemeka mfukoni, meseji za tangu saa 9 zinaingia zote kwa pamoja, Mwanza, Dar, Kampala, "mko salama?", "nijibu", "nijibu". Katikati namba nisiyoijua: "dada ni mm nimeazima cm, niko mzima, tunalala uwanjani, blanket cna ila niko mzima". Ilitumwa saa 11 na robo.

Nikaisoma kwa sauti, binti akaanza kulia, nami nikamjibu mdogo wangu: kesho asubuhi nakuletea blanketi.