Pikapu Iliyokuja na Chumvi Yake: Nilivyoizuia Kutu Mombasa

Mwaka 2022 niliagiza kutoka Japani pikapu aina ya Toyota Hilux, iliyoundwa mwaka 2017, kwa ajili ya biashara yangu ya samaki. Kazi yake ilikuwa kwenda Gazi na Shimoni alfajiri, kupakia kreti za samaki zilizofunikwa barafu, kurudi hadi Likoni, kuvuka kwa feri na kushusha mzigo kisiwani kabla jua halijapanda. Siku ilipotoka bandarini Kilindini nilifurahi kwelikweli, kwa kuwa rangi ilikuwa inang'aa, viti havikuwa na doa, na injini iliwaka mara moja bila kusumbua. Sikuinama kutazama uvunguni.

Karatasi ya mnada, yaani ripoti ya hali ya gari, niliyotumiwa kabla ya kulipa ilikuwa na dalili zote, lau ningeisoma kwa makini. Kwenye mchoro wa gari palikuwa na herufi S sehemu mbili, na waagizaji wengi wanajua kwamba S inatokana na neno la Kijapani la kutu, na kwamba herufi C ndiyo inayoonyesha kutu iliyokwisha kula chuma. Muuzaji aliniambia kuwa hiyo ni kutu nyepesi ya juujuu ambayo haikosekani kwenye gari lolote lililotumika, nami nikaridhika. Baadaye nilipozipitia karatasi upya niligundua kuwa gari lilikuwa limeishi maisha yake yote Hokkaido, kisiwa cha kaskazini kabisa mwa Japani, ambako mji wa Sapporo peke yake hupata karibu mita 5 za theluji kwa mwaka. Huko barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke na magari yasiteleze, na matumizi hayo yaliongezeka baada ya sheria ya mwaka 1990 iliyozuia matairi yenye misumari ya kushika barafu. Chumvi yenyewe si ile ya jikoni pekee, bali pia kloridi ya kalsiamu, ambayo huvuta unyevu kutoka hewani na kubaki majimaji hata siku ambayo hakuna mvua. Tope la theluji na chumvi hurushwa na matairi, huingia ndani ya chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, kupitia vitundu vyake, na hukaa humo miaka na miaka pasipo mtu kuliona.

Jambo ambalo sikulielewa wakati ule ni kwamba chumvi hiyo ilikuwa inakuja mahali panapoifaa zaidi kuliko ilikotoka. Baridi inapokolea na maji yakaganda, kutu hupunguza mwendo sana, kwa maana inahitaji maji yaliyo maji ili ifanye kazi. Mombasa hakuna msimu wa kuganda. Joto lipo mwaka mzima, na chumvi ya kawaida huanza kunywa unyevu wa hewa hadi ikayeyuka pale unyevu unapofikia asilimia 75 hivi, kiwango ambacho hewa yetu hukivuka karibu kila alfajiri. Kwa hiyo pikapu inaweza kulala chini ya paa pasipo tone la mvua, na bado ndani ya chasisi mkawa na maji ya chumvi kuanzia usiku wa manane hadi jua litakapokausha. Ongeza hapo upepo wa kusi unaopeperusha povu la bahari, maji ya barafu yanayochuruzika kutoka kwenye kreti za samaki, na feri. Anayevuka Likoni siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, anajua jinsi mawimbi yanavyopanda kwenye mteremko wa kushukia na jinsi gari linavyolazimika kukanyaga maji ya bahari ndipo lifike pakavu.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko kutofanya lolote. Mwezi mmoja baada ya gari kufika, fundi mmoja alinishauri tuipake chasisi lami nzito nyeusi, na kazi hiyo ilikamilika kwa saa tatu: tulipiga maji kidogo, tukasubiri kidogo, kisha lami ikapakwa juu ya kila kitu, kutu kwa chumvi. Uvungu ukapendeza kama wa gari jipya. Mwaka mzima nilitembea nikiamini kwamba tatizo limekwisha, na kila Ijumaa nilipeleka gari kuoshwa ili kuongeza usalama.

Mwezi wa Desemba 2023 breki za nyuma zilianza kulegea, nikaenda kwa fundi mzee wa Jomvu ambaye nilisikia akisifiwa kwa utulivu wake. Alipolipandisha gari kwenye jeki na kulikalisha juu ya stendi, hakugusa breki kwanza. Alichukua nyundo ndogo akaanza kuigonga chasisi kutoka mbele kwenda nyuma. Palipokuwa pazima nyundo ilirudi juu na chuma kikalia kama kengele. Alipofika juu ya ekseli ya nyuma, karibu na kishikizo cha springi, mlio ukafa, ukawa kama wa mtu anayegonga gunia la mchanga. Akashika bisibisi, akaisukuma kwa nguvu ya kiganja tu, nayo ikapenya lami na kuingia hadi mpini. Alipoichomoa, yalidondoka magamba ya kahawia yaliyoachana tabaka kwa tabaka kama chapati, na nyuma yake yakafuata maji.

"Mwanangu," alisema, "maji yameingia kwa ndani, na lami imeyakatalia njia ya kutoka. Hebu yaonje."

Nikagusa kwa ncha ya kidole nikaonja. Yalikuwa ya chumvi, na siku hiyo gari lilikuwa na siku nne halijavuka feri.

"Unaoshea maji gani?" akaniuliza.

"Maji ya kisima, mzee, pale ninapooshea."

Hakuongeza neno. Visima vingi vya Mombasa, hasa kisiwani, vina maji ya chumvi, na sisi sote tunajua hivyo kwa sababu sabuni haitoi povu na chai haiwi chai. Mimi mwenyewe siwezi kuyanywa maji hayo, lakini nilikuwa nikiyapigisha kwa mashine ya shinikizo ndani ya chasisi kila wiki nikidhani ninaisafisha. Tangu siku hiyo nina kipimo changu: ninaweka matone machache ya maji juu ya kipande cha kioo, ninayaacha yakauke juani, kisha ninatazama. Maji yanayoacha duara jeupe hayagusi gari langu.

Fundi alikataa kabisa kuanza kwa kupaka kitu chochote. Alisema kazi ifanyike Januari, wakati wa kaskazi kavu, ambapo jua ni kali na mvua ni adimu, kisha wiki nzima ya mwanzo itolewe kwa maji na jua tu. Tulifanya hivyo. Nilinunua maji matamu ya mitungi ya lita 20, tukafungua vizibo vyote vya chasisi, tukasafisha kwa waya vitundu vya kutolea maji vilivyozibwa na lami, kisha tukaingiza mpira mwembamba ndani na kuusogeza taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Siku ya kwanza yalitoka maji mekundu yenye mchanga mweusi wa kigeni, na nilipouona mchanga ule niliamini kwa mara ya kwanza kwamba kweli sehemu ya Hokkaido ilikuwa imefika Jomvu. Siku ya pili yalitoka ya rangi ya chai. Siku ya tatu yalitoka meupe, nasi tuliyaonja kila mara mpaka ulimi haukusikia tena chumvi. Baadaye gari lilikaa juu ya stendi siku tano bila kuguswa, likipigwa na upepo na jua.

Kukwangua lami ndiko kulikochosha kuliko yote, na sitakueleza kwa urefu, isipokuwa kusema kwamba haina njia ya mkato. Patasi, brashi ya waya na msasa ndivyo vilivyofanya kazi, mpaka pale tulipoona chuma kinachong'aa au kutu ngumu iliyoshikamana ambayo brashi haiondoi. Kipande cha urefu wa shubiri moja karibu na kishikizo cha springi kilikatwa chote, na bamba jipya la unene uleule likachomelewa kwa pande zote, baada ya kwanza kufungua nyaya za betri ili umeme wa kuchomelea usiunguze vifaa vya kompyuta ya gari. Bomba za breki za chuma, ambazo zilikuwa zimeliwa hadi kubaki nyembamba mno, tulizibadilisha kwa za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Katika kazi yote hii, bomba hizo ndizo zilizonitia hofu zaidi, kwa kuwa kutu ya bodi humharibia mtu fedha, lakini bomba la breki likipasuka kwenye mteremko wa Likoni huku watu wamejaa mbele yako, hilo ni jambo jingine.

Pale palipobaki kutu ngumu tulipaka dawa yenye asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kutu kuwa tabaka jeusi lililotulia. Pale palipokuwa na chuma kitupu tulipaka praima, yaani rangi ya msingi, yenye zinki nyingi. Hapa fundi alinieleza jambo ambalo mabaharia wetu wanalijua siku zote: meli ya chuma hufungwa vipande vya zinki chini ya maji ili bahari ile zinki kwanza na kukiacha chuma. Rangi ya zinki hufanya kazi kwa kanuni ileile, lakini lazima zinki iguse chuma chenyewe. Ikipakwa juu ya kutu au juu ya rangi ya zamani, inakuwa rangi ya kawaida yenye bei kubwa. Juu ya praima ilifuata rangi ya epoksi, mikono miwili.

Kwa ndani hatukupaka rangi, kwa maana brashi haifiki na rangi haishiki mahali usipoweza kuparuza. Tulitumia mafuta ya nta yanayopulizwa kwa kompresa kupitia bomba refu lenye kichwa kinachotawanya pande zote, na tuliendelea kupuliza mpaka yakaanza kudondoka kutoka kila kitundu. Mafuta ya aina hii hubaki laini, hupenya kati ya mabamba yaliyopandana, na yakikwaruzwa hujirudia yenyewe polepole, tofauti na lami ambayo hukauka, hupasuka na kuficha maji nyuma yake. Wapo wanaotumia oili chafu ya injini kwa kuwa haina gharama. Mimi niliiacha, kwa sababu huozesha raba za springi na za breki, na kila mvua inaponyesha hudondoka ardhini na kuingia kwenye visima vyetu. Niliwahi pia kuuziwa wazo la kijisanduku cha umeme kinachofungwa kwenye betri na kudaiwa kuzuia kutu ya gari lote. Umeme wa namna hiyo hulinda meli na mabomba kwa sababu vimezama ndani ya maji au udongo unaoupitisha. Gari limezungukwa na hewa, na hewa haiupitishi, kwa hiyo fedha hizo nilizitia kwenye nta.

Baada ya hapo iliyobaki ilikuwa kubadilisha tabia. Nililitoa zulia la plastiki gumu lililokuwa limetandikwa nyuma, ambalo chini yake tulikuta maji ya samaki yaliyotuama kwa muda usiojulikana, na mahali pake nikaweka mkeka wa raba ambao unainuliwa na kuoshewa chini kila Jumamosi. Kreti za barafu sasa hukaa juu ya beseni pana lenye mpira wa kutolea maji unaoning'inia nyuma kabisa ya bampa, ili maji ya chumvi yasipite juu ya chasisi. Nyumbani nimeweka tangi la lita 1,000 linalopokea maji ya mvua kutoka paani, na masika hulijaza mapema. Ninapovuka feri siku za bamvua, jioni hiyohiyo uvungu hupata lita 60 za maji hayo, kwa mwendo wa polepole na si kwa shinikizo kali, kisha gari hulala mahali penye upepo. Kabla ya bamvua nyingine huwa napitisha waya kwenye vitundu vya milango na vya chasisi kuhakikisha havijaziba, kazi ya dakika kumi.

Kila Januari ninarudi Jomvu. Mzee hugonga chasisi kwa nyundo yake ileile kuanzia mbele, nami hufuata nyuma yake nikisikiliza, kisha tunapuliza nta mpya palipokauka. Mara ya mwisho chuma kililia vizuri mpaka mwisho, pamoja na lile bamba tulilochomelea. Mahali pekee palipobaki na shaka ni katikati ya springi za bapa za upande wa kulia, ambako kutu imeanza kuvimba na kuzitenganisha, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila. Tumekubaliana kuzifungua moja moja kaskazi ijayo, kuzikwangua na kuzipaka grisi kabla ya kuzifunga tena, na mitungi ya maji matamu ya kazi hiyo nimekwisha kuitenga.