Tochi ya kuzamia: nilivyokoma kuhesabu lumeni

Tochi yangu ya kwanza ya kuzamia niliichagua kwa namba moja tu: lumeni 3000, yaani kipimo cha wingi wa mwanga. Iliangaza duka zima, nikalipa bila kuuliza la pili. Usiku wa kwanza nikashuka nayo kwenye Ghuba ya Tanga, mwezi wa Mei, mito Mkulumuzi na Sigi ikiwa imemwaga tope la masika. Nikawasha. Maji yote mbele yangu yakawa meupe kama tui. Aliyepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto kwenye ukungu atanielewa: ukiwasha taa kubwa, barabara ndiyo inapotea. Mwenzangu alikuwa karibu nami kabisa, hata mapezi yake sikuyaona.

Kesho yake nikaenda kwa mzee aliyenifunza kuzamia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu ilete." Akaimulika ukutani. "Hii ya kupigia picha, inamwaga mwanga. Wewe unataka inayonyoosha kidole."

Nikaelewa. Kila chembe ya tope inayomulikwa inakurudishia mwanga machoni. Mwale mwembamba, wa nyuzi 6 hadi 10 hivi, unamulika tope kidogo na kufika mbali. Tena ndio lugha yenu huko chini: duara la polepole juu ya jiwe maana yake niko salama, mwanga ukipepesuka haraka kushoto na kulia, mwenzio yuko taabani. Huna haja ya kugeuza shingo, unaona doa lake likitembea kando ya lako. Hilo nalipenda kuliko yote.

Nilikuwa pia najiandaa kusomea uzamiaji wa mapangoni. Wazamiaji wa huko hubeba taa tatu, moja kuu na mbili za akiba, na kila ya akiba iweze peke yake kukutoa hadi nje. Taa kuu ikizimika, safari imekwisha, wote mnageuza. Zamani niliona ni kujitwisha mzigo. Kisha nikakumbuka siku tuliyozimiwa taa kwenye mapango ya Amboni, nikaweka kiganja mbele ya uso nisikione. Pale tulikuwa tumesimama, tunapumua bure. Mwenye mtungi wa hewa mgongoni hana nafasi ya kukaa akasubiri.

Basi nikaanza kupima mwenyewe, uani, kwa ndoo ya maji na saa. Ni lazima iwe majini, kwa sababu taa kali hupoozwa na maji. Ukiiacha hewani inachemka, na nyingine hujipunguza zenyewe. Niliangalia kila baada ya dakika 10. Ile ya lumeni 3000, iliyoandikwa kuwa inadumu saa 2, ilianza kufifia dakika ya 50. Niliyoichukua hatimaye ina lumeni 1000 tu, lakini ilishikilia mwanga uleule saa 1 na dakika 40.

Swichi yake ni ya sumaku, haina tundu la kupitisha maji. Mpira wa kuzuia maji naufuta na kuupaka grisi ya silikoni, kidogo sana, kila ninapofungua kubadili betri. Unywele mmoja au punje ya mchanga inatosha kuingiza bahari ndani.

Ya akiba ninayo moja, imefungwa kwenye mkanda wa bega. Ya pili bado naichangia, na mpaka ipatikane siingii chini ya mwamba wowote wenye paa.